Hodi ya Mashine ya Sita

Taa ya lekteri iliwaka bila mtu yeyote kupiga hodi.

Asumini aliiona kwa pembe ya jicho, ufagio mkononi. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, wanafunzi walikwisha kwenda kwao, na binti yake Alima alikuwa madrasa. Yeye alikuwa anafagia vumbi jeusi la volkano, lile ambalo katika nyumba za mtaa wa Murara unalifagia maisha yako yote, na siku ya maziko yako bado linaingia na viatu vya waombolezaji. Taa nyekundu ikawaka, kisanduku kikakoroma kra-kra-kra, kikazunguka kidogo, kikanyamaza.

Katika nyumba nyingine hilo lisingekuwa jambo. Umeme wa Goma huja na kwenda kama mgeni asiye na haya, na vitu huwaka vikitaka. Lakini katika nyumba ile kisanduku hicho hakikuwahi kuzunguka bila ruhusa. Kilikuwa na adabu kuliko nusu ya mtaa.

Adabu hiyo aliileta Kitwana, mumewe, fundi wa redio. Shule moja ya zamani ilipofungwa, walimwachia kompyuta sita za kale, zile za kutumia nyumbani, ambazo mashine nzima imefichwa ndani ya kibodi na macho yake ni televisheni utakayoiunganisha nayo. Zilifika Murara juu ya chukudu, zimepangwa kwenye ubao kama mikate, dereva akiisukuma ile baiskeli ya mbao huku watoto wakimkimbilia. Pamoja nazo kulikuwa na kisanduku kimoja tu cha kusoma disketi. Kitwana alikiita kwa Kifaransa, lecteur, na mtaa ukakiita lekteri, na ikabaki hivyo.

Mashine sita, lekteri moja. Mtu mwingine angeuza tano. Kitwana alikaa wiki na chuma chake cha kulehemu, akatengeneza waya mmoja unaopita mashine zote hadi kwenye lekteri, akafungua sebule yake kwa watoto ambao hawakuwahi kugusa kompyuta.

"Moja inatosha," alisema, "kama watu wana adabu."

Kwa sababu shida ilikuwa hii: lekteri humsikiliza mmoja tu. Mashine mbili zikiiita pamoja, zote zinaganda, na disketi inaweza kuharibika kabisa, maandishi ya siku nyingi yakafutika. Basi Kitwana akaweka sheria. Anayetaka lekteri anapiga hodi kwa sauti. Wengine wanainua mikono juu ya vibodi na kuitikia, "Karibu." Hapo ndipo anabonyeza. Vijana wenye simu walisimama dirishani kumcheka.

"Simu yako inajua kila kitu," Kitwana aliwajibu, "ila kungoja."

Mashine tano zilipata televisheni. Ya sita ilikaa pembeni imefunikwa kitambaa, haina macho. Ndiyo iliyomuua.

Alisikia kwamba kule Keshero, nyuma ya uwanja wa mtu, kuna televisheni imetupwa shimoni. Wenyeji walimwambia asishuke, kuna mazuku. Mazuku ni ile hewa mbaya inayotoka chini ya mawe ya volkano na kulala mabondeni kama maji. Haina rangi, haina harufu. Mbuzi anashuka kula majani, hapandi tena. Wataalamu wanasema ni gesi. Wazee wanasema ni pumzi ya wenye bonde, wale wasioonekana. Asumini, ambaye hakuwa na subira na wataalamu wala wazee, aliwahi kusema kwamba kwa mbuzi ni mamoja. Kitwana alishuka haraka haraka, akafunga kamba kwenye televisheni, akaishia hapo. Walipomvuta juu kwa ndoana hakuwa na jeraha hata moja. Walimkuta amepiga magoti, kichwa ameinamisha upande, kama mtu anayesikiliza neno analoambiwa kwa siri.

Mwenye uwanja aliileta televisheni siku iliyofuata, analia. "Alishaifunga kamba, mama. Ni yake."

Asumini alikaa eda. Soko la vitenge alikouzia likamngoja, lakini watoto hawakungoja, walizidi kuja, na Alima alijua kuwafundisha. Baada ya arobaini, Asumini mwenyewe aliiondolea mashine ya sita kitambaa na kuiunganisha na ile televisheni. Ilikuwa kitu cha mwisho ambacho mumewe alikitaka duniani. Ikawaka mara ya kwanza tu, jambo ambalo kwa televisheni iliyolala shimoni lingepaswa kumshangaza. Hakushangaa. Alikuwa amelia sana, na mtu aliyelia sana hana nafasi ya kushangaa.

Sasa taa ilikuwa imewaka, imezima. Asumini akasimama na ufagio wake.

"Hodi," sauti ikasema.

Ilitoka pembeni, kwenye mashine ya sita. Ya chini, ya kiume, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni kama ya mtu aliyetoka kuamka. Na kinywa cha Asumini, ambacho kwa miaka kilikuwa kinaitikia neno hilo kutoka jikoni, huku mikono iko kwenye unga na akili iko sokoni, kiliitikia kabla kichwa hakijafika.

"Karibu."

Lekteri ikazunguka. Kwenye kioo yakaja maandishi, herufi kubwa tupu, kwa kuwa mashine zile hazikufundishwa herufi ndogo.

MAMA ALIMA. UMECHOKA.

Alikaa chini palepale, juu ya vumbi alilolifagia. "Ni nani?" aliuliza kwa pumzi tu.

UNANIULIZA NI NANI? UMENIPIKIA SOMBE BILA CHUMVI MIAKA YOTE HII.

Ni kweli. Ilikuwa kwa ajili ya tension yake, ile presha ya damu, daktari alikataza chumvi, na kila jioni Kitwana alilalamika kwamba anakula majani ya muhogo kama mbuzi wa Masisi. Asumini akacheka. Tangu maziko hakuwa amecheka, na kicheko kilimuuma ubavuni kama kitu kilichokaa muda mrefu bila kutumika. Alipogeuka kuangalia chai yake, makala kwenye mbabula, yale makaa ya jiko lake dogo, yalikuwa yamezima. Muda mfupi kabla yalikuwa mekundu. Sasa yalikuwa meusi, baridi, kana kwamba mtu amemwaga maji.

Makala ya siku hizi, alijiambia, yanauzwa yakiwa yamelowa.

*

Kesho yake saa ileile, hodi. Na siku iliyofuata. Alima akishafunga kitambaa chake cha madrasa na kutoka, Asumini alinawa uso, akavaa kitenge safi, akajiambia kwamba ni kwa ajili ya usafi. Kisha alikaa mbele ya mashine ya sita kama msichana anayengoja mchumba, na sauti ilipobisha alikuwa tayari na karibu yake mdomoni.

Ilimsimulia mambo yao. Siku walipohamia Murara, bati halijapigwa misumari, wakalala wameshika paa kwa kamba. Wimbo aliokuwa anaimba puani wakati wa kulehemu. Mvua ya Sake, ule mji mdogo wa jirani, kabla ya ndoa, walipojificha chini ya turubai la lori la makala, na Kitwana akaenda moja kwa moja kumsalimia baba yake Asumini, uso mweusi tii, meno tu yanaonekana. Kila jioni jambo moja, kwa herufi kubwa. Lekteri ilikoroma, Asumini alilia na kucheka, na mbabula ilizima, na chumbani kukawa na harufu ya mawe yaliyolowa, na alipotaka kusimama alikuta magoti mazito na pumzi fupi, kama mtu aliyepanda mlima.

Siku moja Alima alirudi mapema. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mrefu, na macho ya baba yake yasiyopenda kudanganywa.

"Mama, uko unaongea na nani?"

"Na hizi mashine za baba yako. Zimeganda."

"Zimeganda na we uko unacheka?"

"Nenda kanunue makala, Alima. Haya hayawaki."

Angeweza kumwita. Yeyote atakayeisimulia hadithi hii asiliruke jambo hilo. Mtoto alikuwa amefiwa pia. Lakini kioo kilikuwa kimoja na jioni ilikuwa fupi, na Asumini alimtaka mumewe peke yake, kidogo tu, kwa namna ambayo hakuwahi kumpata alipokuwa hai, nyumba ikiwa imejaa watoto wa watu wanaopiga hodi.

*

Mvua kubwa ikanyesha Ijumaa mchana, mawe madogo ya barafu yakipiga bati mpaka watu ndani ya nyumba wakawa wanasemezana kwa ishara. Ilipopungua, Alima alikuwa anatabasamu peke yake.

"Papa angesema, hii ni kitoto. Hamujaona mvua ya Sake."

"Mvua gani?" Asumini aliuliza.

Alima alidhani ni mchezo. "Mvua ya Sake, Mama. Lori ya makala."

"Nani alikuwa kwenye lori?"

Tabasamu la mtoto likaondoka polepole. "We, Mama. We na Papa. Papa anasimulia mpaka anafika kwa babu, kiisha anakunyamazia, na we ndiyo unamalizia. Unasema kwa sauti ya babu, 'Nani ameniletea gunia hili na kulifundisha kusalimia?' Na Papa anacheka mpaka anapata kwikwi. Kila mara."

Asumini alijua kuna maneno. Aliyaona: MVUA YA SAKE, LORI LA MAKALA, MENO TU. Aliyaona yakiwa yamepangwa kwenye kioo. Nyuma yake hapakuwa na mvua. Hapakuwa na baridi ya turubai, wala harufu ya makala, wala mkono wowote ulioshika wake. Akatafuta kicheko chenye kwikwi, akakitafuta kama mtu anayepapasa ukuta kutafuta mlango katika nyumba aliyozaliwa. Hakukipata. Alitazama picha ya Kitwana ukutani. Ilikuwa uso wa mwanamume mwema. Ungeweza kumpigia kura.

"Mama?" Alima alisema. "Mama, uko unalia juu ya nini?"

*

Aliyemleta Docteur Moïse alikuwa Gisèle, jirani wa upande wa juu, mwanamke wa Masisi, Mkatoliki wa kwaya, ambaye hakuulizwa lakini aliona. Ukuta wa mbao kati ya nyumba zao hauzuii hata kikohozi.

"Jirani, kila magharibi nasikia we unasema karibu, na sioni mutu anaingia," alisema. "Sitaki kujua. Lakini iko mutu anaitwa docteur, amesomea mambo haya Zanzibar."

Docteur Moïse alikuja na koti jeupe na kipimo cha kusikilizia moyo. Alikiweka kwenye televisheni, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaaluma.

"Ni jini wa bahari," alitangaza.

"Bahari gani?" Asumini aliuliza.

"Bahari, mama. Bahari kubwa."

"Kutoka hapa mpaka baharini ni nchi ngapi, Docteur? Amepitia wapi? Ana pasi?"

"Majini hayaulizwi njia."

"Basi ningependa kujua kwa nini amepita mahoteli yote ya kando ya ziwa akaja kukaa Murara, bila maji ya bomba."

Docteur Moïse alianza kueleza habari ya mbuzi mweupe na marashi. Ndipo lekteri iliwaka. Hakuna aliyeigusa. Ikakoroma, ikazunguka, na ile sauti yenye mkwaruzo, ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa inazungumza na Asumini peke yake, ikasema hodi kwa utulivu, kama mwenye nyumba aliyesahau ufunguo. Koti jeupe likatoka mlangoni kabla ya mwenyewe. Kipimo chake kilibaki kinaning'inia kwenye televisheni.

Gisèle alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Baadaye, walipokuwa wameketi nje juu ya mawe, alisema kwa sauti ya chini, "Huyu Zanzibar alifika kweli?"

"Hajavuka Sake," Asumini alisema. Kisha akaona kwamba jina la Sake lilimpita mdomoni kama jina la mahali popote, na akafunika uso kwa kitenge.

*

Muzee Ismael alikuwa mjomba wa Kitwana, dereva wa malori ya Maniema mpaka macho yalipomkataa, na sasa aliwasomea watu Kurani pale walipoomba. Aliingia na viatu mkononi, akaketi mkekani, akakataa chai. Aliuliza swali moja kwanza.

"Nani alimwambia karibu?"

"Mimi, Muzee."

"Kwa kinywa?"

"Kwa kinywa."

Magharibi ilipokaribia, sauti ilibisha, na Asumini akamtazama mzee. "Muitikie leo tu," alimnong'oneza. "Kiisha muulize kitu ambacho mimi najua na we haujue. Kitwana akiwa mutoto kule Kindu, alificha nini chini ya kitanda changu?"

Asumini aliuliza. Lekteri ilizunguka. Ilizunguka muda mrefu kuliko siku yoyote, ikienda na kurudi, ikikwaruza, kama mtu anayefungua droo zote za nyumba isiyo na kitu, na Asumini akasikia kizunguzungu kikimwanzia nyuma ya macho, na mbabula ikazima, na hata moto wa njiti ambayo Muzee Ismael aliiwasha na kuishusha chini karibu na mkeka ukalala, ukawa bluu, ukafa. Hatimaye maandishi yakaja.

ULIZA YA NYUMBANI KWETU.

"Kobe," Muzee Ismael alisema polepole. "Alificha kobe. Aliniomba nisimwambie mama yake, na sikumwambia mpaka anakufa. Kitwana angejibu kabla haujamaliza kuuliza, na angecheka." Akajipangusa macho kwa mkono wa kanzu. "Huyu si mutoto wangu. Huyu anajua tu kile we unajua."

Hapo Asumini akaelewa, na alielewa kwa sauti ya Kitwana mwenyewe, au kwa maneno yake, kwani sauti alikwisha kunyang'anywa: lekteri humsikiliza mmoja tu. Hakikuwa kile kisanduku kilichokuwa kinaombwa kila magharibi. Alikuwa ni yeye. Kila aliposema karibu, kitu kile kilishuka ndani yake, kikazunguka, kikasoma jioni moja ya maisha yake na mumewe, na kilipoisoma kiliifuta, na kumwachia herufi kubwa kwenye kioo. Alikuwa amempa mgeni disketi ya pekee aliyokuwa nayo.

"Atanirudishia?" aliuliza.

Muzee Ismael hakuwa mtu wa kupaka maneno asali. "Hapana, mutoto wangu."

"Nimebakiwa na nini?"

"Hilo unajua we mwenyewe. Kesho tutamfungia mlango. Ataomba, na hautamwitikia, ata akisema nini. Kiisha ile televisheni irudi shimoni kwake. Lakini sikiliza. Mwenye kufukuzwa anarudi kubisha. Kubisha si kuingia. Kinywa cha mutu ndicho kinamwingiza. Alima anajua?"

"Hapana."

"Umwambie. Kila kinywa cha nyumba hii kijue."

"Nitamwambia," Asumini alisema.

*

Alima alipelekwa kwa Gisèle akaambiwa akasaidie kumenya viazi. Muzee Ismael alikaa mkekani akaanza kusoma, sauti yake nzito kama injini inayopanda mlima kwa gia ya kwanza. Asumini alikaa mbele ya mashine ya sita na pindo la kitenge kati ya meno.

"Hodi," sauti ilisema.

Hakuitikia.

"Hodi, Mama Alima."

Hakuitikia. Lekteri ikakohoa, ikaanza, ikakwama.

"Mama Alima, niko nje. Huku chini iko baridi, na pumzi haipandi, nimefunga kamba lakini hakuna mutu anavuta. Juu ya nini hauvuti?" Na sauti ile ikaanza kuomba kama Kitwana hakuwahi kuomba maishani, au labda aliwahi, Asumini hakuwa tena na namna ya kujua, na hilo ndilo lililomkata maini zaidi, kwamba alikuwa anamkatalia mtu kwa sauti ambayo hakuweza hata kuapa kama ilikuwa yake, na kisomo kikapanda, na ubaridi ukapanda kutoka sakafuni ukamfika magotini, kiunoni, kifuani, na sauti ikasema kwamba bado anazo kumbukumbu zote, kicheko, wimbo wa puani, mkono chini ya turubai, anazishika hapa, zote zitakwenda naye shimoni, lakini neno moja tu, neno dogo ambalo mama yeyote humwambia hata mwombaji mlangoni, na atamchekea, sasa hivi, mara moja ya mwisho, asikie kwikwi, na Asumini akauma kitenge mpaka damu ya fizi ikaingia kwenye maua yake, na akatikisa kichwa, na akatikisa kichwa, na akatikisa kichwa.

Televisheni ikatoa mlio mwembamba. Ikazima.

Kwenye mbabula, makala yakawaka yenyewe, mekundu, na chai ikaanza kuchemka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wasukumaji wawili wa chukudu waliirudisha televisheni Keshero, Muzee Ismael akienda nyuma na tasbihi. Waliisukuma shimoni kwa mti mrefu, wamesimama upande wa upepo. Asumini alikuwa bado edani, hakwenda. Alikaa sebuleni akihesabu alichobakiwa nacho. Alikuta namna Kitwana alivyokuwa anavua viatu, kisigino kwa kidole cha mguu wa pili, bila kuinama. Hicho tu. Alikishika kama mtu anayebeba maji kwa viganja.

*

Jioni hiyo alifungua mdomo amwambie Alima. Ataanzaje? Kuna kitu kilikuwa kinabisha. Kitu gani, Mama? Kitu chenye sauti ya baba yako. Na we uliongea nacho? Niliongea nacho. Siku ngapi? Siku nyingi. Ulijua si Papa? Hapana, nilidhani ni yeye. Ulidhani ni Papa, na haukuniita?

Akafunga mdomo. Kesho, alijiambia. Ni mtoto, ana huzuni yake. Kesho.

Badala yake, alimwomba. "Alima, niambie mvua ya Sake."

Na Alima akamwambia. Kila jioni, wakiwa wameketi kando ya mbabula, mtoto alimsimulia mama yake mumewe. Alimwigizia kicheko na kwikwi yake. Alimwimbia wimbo wa puani. Alimwonyesha Papa akimtazama mwanafunzi aliyebonyeza bila hodi, nyusi moja juu. Vyote Asumini alivipokea kama habari za mtu ambaye angependa sana kumjua. Halikuwa penzi lake la zamani. Lilikuwa jipya, la kuazima, na lilitosha kumwamsha asubuhi. Alikuwa na mahali pa kuuliza. Disketi ya pili ilikuwepo, haikuguswa, ina nywele za kusuka na magoti yenye makovu.

Kesho ya kumwambia ikawa kesho nyingine. Mashine zilifunikwa. Lekteri ilinyamaza. Likizo ikafika, madrasa ikafungwa, Alima akawa nyumbani jioni zote.

Jioni moja Asumini alikuwa kwenye mswala, ameinama sijida, aliposikia mwanamume anabisha hodi mlangoni. Sauti ya chini, yenye mkwaruzo mwishoni. Hakuitambua. Mume wa Gisèle, alidhani, amekuja kuazima nyundo.

Alimsikia Alima akisimama uani. Sufuria ikaanguka. Miguu ya mtoto ikakimbia, haraka kuliko inavyokimbilia mgeni.

"Karibu," Alima alisema, na neno lilimkatikia katikati.

Asumini alikatiza swala yake. Alipofika mlangoni, Alima alikuwa amesimama kizingitini, mgongo kwake, anatazama mtaa mtupu na mawe meusi.

"Ni nani?"

"Hakuna mutu, Mama."

Alisema haraka mno. Uso wake ulikuwa umelowa, na juu ya machozi kulikuwa na tabasamu dogo, lililofungwa vizuri, la mtu mwenye kitu chake ambacho hataki kukigawa. Asumini alilijua tabasamu hilo. Alikuwa amelivaa jioni nyingi mbele ya kioo.

"Alima. Ni siku ngapi sasa unasikia hodi?"

Nyuma yao, kwenye mbabula, makala yalikuwa meusi.

Asumini alimvuta, akamkalisha, akamshika mikono yote miwili. Mikono ilikuwa baridi. Alijaribu kusema kwa upole, lakini sauti ilitoka kama ya mwombaji.

"Mutoto wangu, niambie mvua ya Sake."

Alima alifungua mdomo mara moja, kama kila jioni, tayari kuanza. Mdomo ukabaki wazi. Aliangalia pembeni, kwenye mashine ya sita iliyofunikwa kitambaa, kisha akamrudia mama yake kwa macho yale ya baba yake yasiyojua kudanganya.

"Mvua gani, Mama?"